Mchepuo Nao Huziba: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Moyo Baada ya Baipasi

Barua za safari hii zimefanana mno: mtu alifanyiwa baipasi, akapona, akarudi kwenye shughuli zake, kisha kifua kikaanza upya. Katika majibu tutauita mshipa uliopandikizwa "mchepuo", maana kazi yake ni ile ile ya barabara ya mchepuo: kuizungusha damu pembeni ya mahali palipoziba. Mishipa ya moyo uliyozaliwa nayo tutaiita "mishipa ya asili". Tofauti hiyo ishikwe vizuri, kwa sababu nusu ya mashaka yaliyomo kwenye barua hizi yanatokana na kuchanganya hivyo viwili.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 66. Miaka tisa iliyopita nilifanyiwa baipasi ya mishipa mitatu, nikaambiwa sasa nina moyo mpya. Kwa miezi miwili hivi, nikipanda ngazi kifua kinabana kama kimefungwa mkanda, nikisimama kinaachia. Operesheni imeharibika? *(Mstaafu)*

JIBU: Shikamoo, mzee. Haikuharibika, ila hukuelezwa yote. Baipasi inaleta njia mpya za damu. Ugonjwa wenyewe hauondoi. Lehemu (kolesteroli), kisukari, shinikizo la damu na tumbaku, yaani vile vile vilivyoziba mishipa ya asili, huendelea na kazi yao kwenye mishipa mipya.

Baipasi ya mishipa mitatu mara nyingi huwa hivi: mchepuo mmoja ni ateri (mshipa wa kupeleka damu kutoka moyoni) ya ndani ya kifua, upande wa kushoto, ambayo hubanduliwa nyuma ya mfupa wa kidari na kuungwa kwenye mshipa mkubwa wa mbele ya moyo. Miwili iliyobaki ni vipande vya veni ndefu iliyotolewa mguuni. Hao ni wafanyakazi wa aina mbili tofauti kabisa. Ile ateri, hata ikitimiza miaka 10, zaidi ya 90 katika kila 100 huwa bado zinapitisha damu vizuri. Veni za mguu, zikifika umri huo, karibu nusu zimeziba au zimebana vibaya. Kwa hiyo kwa mtu wa mwaka wa tisa, mshukiwa wa kwanza ni mchepuo wa veni.

Sababu iko kwenye maumbile. Veni iliumbwa kurudisha damu polepole, kwa shinikizo dogo. Ghafla inaunganishwa kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni na kupigwa na shinikizo la ateri kila pigo la moyo. Mwezi wa kwanza hatari yake ni bonge la damu: ukuta wa ndani uliochubuka wakati wa kuitoa mguuni, au mahali iliposhonwa pakiwa pamekunjika. Kuanzia hapo hadi mwaka mmoja, ukuta wa ndani huota na kunenepa ukijaribu kuvumilia shinikizo hilo, na njia husinyaa. Baada ya mwaka, lehemu huanza kujipachika juu ya unene huo. Uchafu wa ndani ya veni ni mlaini, una gamba jembamba, na humeguka kwa urahisi. Kumeguka huko tutakurudia, kwa maana ndiko kunakowanyima madaktari usingizi wakati wa matibabu.

Usisahau pia kwamba mishipa yako ya asili ina miaka tisa zaidi. Inawezekana michepuo yote mitatu ni mizima, na kilichobana ni sehemu ya mshipa wa asili iliyo mbele ya mahali mchepuo ulipoungwa, au tawi ambalo siku ile halikuhitaji msaada.

La kufanya: kifua kinachobana kwa kazi na kuachia kwa kupumzika kinatakiwa kuonwa na daktari wa moyo ndani ya siku chache. Kikianza kubana ukiwa umekaa, au kikija mara nyingi zaidi, au kwa kazi ndogo kuliko wiki iliyopita, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba alifanyiwa baipasi miezi minne iliyopita. Akipiga chafya, akikohoa au akigeuka kitandani, kifua kinamchoma. Kuna sehemu upande wa kushoto haisikii hata akiguswa. Michepuo imeshaziba? *(Binti mwenye wasiwasi)*

JIBU: Marahaba, binti. Maumivu yanayobadilika kwa kugeuka, kukohoa au kubonyezwa kwa kidole kwa kawaida hutoka kwenye ukuta wa kifua. Kidari kilipasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya, mbavu zikatanuliwa, na ateri ilipobanduliwa upande wa kushoto vineva vidogo vya ngozi navyo viliguswa. Ganzi hiyo inaweza kudumu miezi, na kwa wengine haiondoki kabisa.

Mrudisheni hospitali bila kungoja akipata homa, kidonda kikitoa majimaji, au akihisi mfupa "unatikisika" au kulia anapopumua. Na maumivu yakiwa ya kubana katikati ya kifua, yakienda taya au mkono, yakiambatana na jasho la baridi au pumzi kukatika, hapo sahau habari za waya. Huo ni moyo mpaka vipimo viseme vingine.

SWALI: Naambiwa nifanye angiografia tena, ile picha ya mishipa ya moyo ya kutumia dawa ya rangi. Mara ya kwanza figo zangu zilisumbuka. Hakuna kipimo chepesi zaidi? *(Mgonjwa wa kisukari, miaka 59)*

JIBU: Kabla ya kipimo chochote tafuta karatasi moja: ripoti ya upasuaji wako. Ndani yake imeandikwa michepuo ni mingapi, kila mmoja ni ateri au veni, unaanzia wapi na umeungwa kwenye mshipa gani. Bila karatasi hiyo, daktari wa angiografia anapapasa. Michepuo ya veni huanzia kwenye ukuta wa mshipa mkuu, na tundu lake halikai mahali pamoja kwa kila mgonjwa. Kila tundu linalotafutwa linakula dawa ya rangi na mionzi, na dawa hiyo ya rangi ndiyo iliyokuchosha figo. Baya zaidi, mchepuo usiopatikana unaweza kuandikwa kuwa umeziba kumbe ni mzima. Piga picha ripoti hiyo, nakala moja ikae kwenye simu yako na nyingine kwenye simu ya mtu wa nyumbani.

Vipimo vyenyewe huenda kwa ngazi. Kipimo cha umeme wa moyo, cha troponini kwenye damu (dalili ya misuli ya moyo kuumia) na cha ekko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) havitumii dawa ya rangi ya eksirei kabisa. Ekko huonyesha kama kuna sehemu ya ukuta wa moyo isiyosukuma kama wenzake, na sehemu hiyo huelekeza ni mchepuo gani wa kushukiwa. Ekko ikifanywa moyo ukiwa unakimbizwa, kwa mazoezi au kwa dawa, inasema zaidi, kwani uhaba wa damu hujitokeza pale moyo unapoidai.

Skani ya CT ya moyo inafaa sana kwa michepuo: ni mipana kuliko mishipa ya asili na haichezi sana moyo unapopiga, hivyo picha hutoka safi. Udhaifu wake uko kwenye mishipa ya asili ya mtu aliyekwisha kufanyiwa baipasi, ambayo huwa imejaa chokaa, na chokaa hung'aa kwenye picha ikaficha njia. Tena CT nayo inatumia dawa ya rangi. Ila ikifanywa kwanza, inaweza kumwonyesha daktari matundu yalipo, na angiografia ikawa fupi.

Kama angiografia haikwepeki, sema mapema kuhusu figo. Kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, ipimwe kabla na siku 2 hadi 3 baadaye. Unywe maji au uwekewe dripu kadiri moyo wako unavyoweza kubeba. Moyo dhaifu ukijazwa maji hupeleka maji mapafuni, kwa hiyo kiasi apange daktari. Achana na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao siku zile. Kwa metformini, dawa ya kisukari, hospitali nyingi huisimamisha siku ya kipimo na kuirudisha baada ya saa 48, figo zikishapimwa. Uliza pia kama wataingilia mkono wa kushoto. Katheta, yaani mrija mwembamba wa kipimo, ikipita kifundo cha mkono wa kushoto hukutana na mdomo wa ile ateri ya kifua karibu kabisa. Ikitokea kulia hulazimika kuzunguka njia ndefu. Kinena nacho kinafaa, lakini kuvuja damu hapo ni kwingi kuliko mkononi.

SWALI: Angiografia imeonyesha mchepuo wa veni umebana asilimia 80. Daktari mmoja anasema waweke stenti (kibomba cha wavu cha kushikilia mshipa wazi) kwenye huo mchepuo. Wa pili anasema waachane nao, wafungue mshipa wa asili ulioziba tangu zamani. Nani ana haki? *(Mwalimu, miaka 61)*

JIBU: Wote wawili wanajua wanachosema, na ubishi huo uko hata kwenye mikutano ya wataalamu. Tueleze kila njia inavyoweza kuharibika, utaona kwa nini.

Stenti kwenye mchepuo wa veni ndiyo njia ya haraka. Katheta inapitishwa hadi kwenye mdomo wa mchepuo, unapewa heparini ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida uniti 70 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, kisha waya mwembamba kuliko nusu milimita unavuka palipobana. Juu ya waya huo hupita puto lililovishwa stenti. Puto hujazwa kwa shinikizo la mara 12 hadi 16 ya lile la hewa ya kawaida, stenti inatanuka na kubaki ukutani, puto linatolewa. Kwa maneno ni rahisi. Tatizo ni ule uchafu mlaini tuliokwisha kuutaja. Unapobanwa na stenti, vipande humeguka na kusafiri na damu hadi kwenye vimishipa vidogo vya misuli ya moyo, ambako hakuna waya wala puto linaloweza kufika. Mchepuo unaonekana wazi kwenye skrini, lakini damu haiendi mbele. Matokeo yake ni mshtuko wa moyo juu ya meza ya matibabu.

Ndiyo maana daktari mzoefu huchukua tahadhari kadhaa. Huweka chujio dogo kama mwavuli mbele ya palipobana ili likamate vipande. Utafiti wa SAFER uliochapishwa 2002, wenye wagonjwa 801, ulitumia kinga ya aina ya puto linaloziba njia kwa muda huku uchafu ukifyonzwa, na madhara makubwa ndani ya siku 30 yakashuka kutoka 16.5 hadi 9.6 katika kila wagonjwa 100. Takwimu za baadaye za kazi za kila siku hazikung'aa kiasi hicho, na kinga hizi hazitumiki kila mahali, lakini palipo na uchafu mwingi na nafasi ya kuweka chujio, ni halali kuuliza kwa nini lisiwekwe. Tahadhari nyingine ni kuweka stenti moja kwa moja bila kutangulia kupanua kwa puto, na kutoitanua kupita kiasi: mbano mdogo uliobaki una madhara machache kuliko kuukamua mchepuo mpaka utoe uchafu wote. Damu ikigoma kupita, huingizwa adenosini, verapamili au nikadipini kupitia katheta ili kulegeza vimishipa vya mbele.

Aina ya stenti watu wanaijali kuliko inavyostahili. Zenye dawa ndizo hutumika kwa kawaida leo, lakini utafiti wa DIVA wa 2018, uliolinganisha stenti zenye dawa na zisizo na dawa ndani ya michepuo ya veni, haukuona tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja. Kwenye mishipa ya asili stenti zenye dawa zina faida iliyo wazi. Ndani ya veni ugonjwa umesambaa urefu wote, na mahali pengine hubana hata pale stenti ilipokaa vizuri.

Hapo ndipo hoja ya daktari wa pili inapotoka. Mshipa wa asili ukifunguliwa na kuwekwa stenti unadumu zaidi kuliko veni iliyochakaa, na miongozo mingi imependelea njia hiyo inapowezekana. Neno zito hapo ni "inapowezekana". Mshipa ulioziba kabisa kwa zaidi ya miezi mitatu huwa na kizibo kigumu, pengine cha chokaa. Kuutoboa kunahitaji nyaya maalumu, saa kadhaa, dawa nyingi ya rangi, na mkono uliozoea kazi hiyo hasa. Waya unaweza kutoboa ukuta wa mshipa na damu ikavujia kwenye mfuko wa moyo. Wakati mwingine daktari hutumia mchepuo huo huo mbovu kama njia ya kuujia mshipa wa asili kutoka nyuma. Chokaa ikizidi, hutumika kekee ndogo ya almasi inayozunguka, au puto linalopiga mawimbi ya mshtuko kuivunja.

Uamuzi wetu kwa hali yako: kama sehemu ya mchepuo iliyobana ni fupi, iko mahali pamoja na kwingine ni safi, stenti ndani ya mchepuo ni jambo la busara. Kama mchepuo wote una mabonde na vilima, na hospitali ina mtu anayefungua mishipa iliyoziba zamani mara kwa mara, mshipa wa asili upewe nafasi. Usikubali kazi hiyo ngumu ifanywe na mtu anayeijaribu mara moja moja. Na mchepuo wa veni ukiwa umeziba kabisa kwa muda mrefu, asilimia 100, usifunguliwe: haukai wazi, na uchafu uliojaa ndani yake ni hatari tupu.

Swali moja la kumwuliza yeyote atakayekutibu: mtapima ndani ya mshipa kwa ultrasaundi kabla na baada ya kuweka stenti? Picha ya angiografia ni kivuli tu. Stenti iliyo ndogo kuliko mshipa, au isiyogusa ukuta vizuri, ni chanzo kikubwa cha kuganda kwa damu na kubana tena.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 57, nilifanyiwa baipasi miaka sita iliyopita. Nikitembea sina shida. Lakini nikianika nguo au kufuta dirisha kwa mkono wa kushoto, mkono unachoka haraka, kichwa kinazunguka, na kifua kinabana. Madaktari wawili wamesema ni uchovu. *(Mama Wawili)*

JIBU: Mama, barua yako ina jibu ndani yake. Ile ateri ya kifua iliyounganishwa moyoni ni tawi la mshipa mkubwa unaopeleka damu mkono wa kushoto, ule unaopita chini ya mfupa wa mtulinga. Mshipa huo ukibana kabla ya tawi kutoka, mkono unapofanya kazi na kudai damu, hauletewi kutoka juu. Unaivuta kutoka kwenye mchepuo. Damu inarudi nyuma: moyo, uliokuwa unalishwa, unaanza kuulisha mkono. Kizunguzungu kinatokana na hali hiyo hiyo kwenye mshipa wa nyuma wa shingo, ambao nao unapeleka damu kwenye ubongo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ya gharama. Pima shinikizo la damu mikono yote miwili, umekaa, ukiwa umetulia dakika 5, mkono mmoja baada ya mwingine, kisha rudia. Wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia kwa 15 au zaidi, mara zote mbili, peleka namba hizo kwa daktari na useme una mchepuo wa ateri ya kifua ya kushoto. Ultrasaundi ya mshipa wa mkono na skani ya CT zitathibitisha. Tiba kwa kawaida ni stenti kwenye mshipa huo wa mkono, bila kuugusa moyo.

Toka sasa shinikizo lako la kweli ni lile la mkono wa kulia. Wapo watu waliopunguziwa dawa kwa sababu mkono wa kushoto ulisema 110 huku wa kulia ukisema 150. Na msomaji anayesafishwa figo kwa mashine aelewe kuwa njia ya damu iliyotengenezwa kwenye mkono wa kushoto inaweza kuiba damu ya mchepuo kwa namna hiyo hiyo. Daktari wa figo na wa moyo waongee kabla haijatengenezwa.

SWALI: Nimepewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Naogopa kuvitumia kwa kuwa mara ya kwanza nilianguka. *(Dereva)*

JIBU: Ulianguka kwa sababu ulikuwa umesimama. Naitrogliserini, dawa iliyo kwenye vidonge hivyo, hulegeza mishipa mwili mzima, shinikizo likashuka. Kaa kwanza, mgongo ukiegemea. Ukilala chali kabisa, damu hurudi moyoni kwa wingi na kifua kinaweza kuchelewa kuachia. Weka kidonge kimoja, cha miligramu 0.3 hadi 0.6, chini ya ulimi, usimeze; kama ni ya kupuliza, mpulizo mmoja wa 0.4. Tazama saa. Dakika 5 zikipita na maumivu hayajapungua, piga simu ya dharura hapo hapo. Unaweza kurudia kila dakika 5 hadi jumla ya mara 3 wakati gari linakuja. Na usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali, hata kama kuendesha ndiyo kazi yako.

Kama huna mzio wa aspirini wala huvuji damu, ukisubiri tafuna aspirini miligramu 300. Kutafuna, si kumeza. Kidonge kizima kinachelewa tumboni.

Usitumie kabisa naitrogliserini ndani ya saa 24 tangu kumeza sildenafili, au saa 48 tangu kumeza tadalafili, ambazo ni dawa za nguvu za kiume. Shinikizo linaweza kuporomoka hadi kuua. Wanaume wengi huona haya kumwambia daktari kuhusu dawa hizo. Afadhali haya kuliko jeneza.

Vidonge vikae kwenye chupa yake ya kioo, mbali na joto. Usivihamishie kwenye kiboksi cha plastiki wala kuviacha kwenye dashibodi. Vya aina fulani hupungua nguvu wiki 8 baada ya chupa kufunguliwa, hivyo andika tarehe kwenye kifuniko. Unaweza pia kuitumia kama kinga, dakika 5 kabla ya kazi unayojua itakubana.

SWALI: Tangu niwekewe stenti nameza dawa saba. Ipi naweza kuacha? *(Mfanyabiashara, miaka 63)*

JIBU: Kwa uamuzi wako mwenyewe, hakuna. Kwa mazungumzo na daktari, huenda moja au mbili, na si zile unazodhani.

Aspirini, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, kwa kawaida ni ya maisha. Ya pili ya kuzuia damu kuganda, mfano klopidogreli miligramu 75, hutumika pamoja nayo miezi 6 kama stenti iliwekwa kwa maumivu yaliyotulia, na miezi 12 kama ilikuwa baada ya mshtuko wa moyo. Anayevuja damu kwa urahisi anaweza kufupishiwa. Ukiiacha ghafla wiki za mwanzo, stenti ambayo bado ni chuma kitupu ndani ya damu inaweza kuziba kwa saa chache. Kama tumbo linauma, usikimbilie kuacha aspirini: omba dawa ya asidi. Ukitumia klopidogreli, pantoprazoli ni chaguo zuri kuliko omeprazoli, kwa kuwa omeprazoli hupunguza nguvu yake.

Statini, dawa ya kushusha lehemu, ndiyo ambayo watu huiacha kwanza, na ndiyo inayolinda michepuo hasa: atovastatini miligramu 40 hadi 80, au rosuvastatini 20 hadi 40. Miongozo ya Ulaya inataka lehemu mbaya, LDL, iwe chini ya 1.4 mmol/L, yaani 55 mg/dL, na iwe imeshuka angalau kwa nusu. Pima wiki 4 hadi 12 baada ya kubadilisha dozi. Haijafika? Inaongezwa ezetimibi miligramu 10, na baadaye sindano za kila wiki mbili. Kuna watu waliowekewa stenti tatu huku hakuna aliyewahi kuwapima LDL tena tangu siku ya baipasi. Misuli ikiuma, omba kubadilishiwa aina au dozi.

Za kuzungumzia ni zile za kupunguza maumivu tu, kama isosobaidi au ranolazini. Kama stenti imekuondolea kubana kabisa, huenda hazina kazi tena. Na kama bado unameza isosobaidi ya muda mfupi, lazima uwe na saa 10 hadi 14 kwa siku bila dawa hiyo mwilini. Mwili ukikaa nayo mchana na usiku unaizoea, nayo inaacha kufanya kazi.

SWALI: Je, kifua kinaweza kupasuliwa mara ya pili? *(Kijana anayemuuguza mjomba)*

JIBU: Kinaweza, lakini hatari ya kufa ni mara mbili hadi nne ya ile ya kwanza. Moyo na ile ateri ya kifua huwa vimeshikamana na mfupa kwa makovu, na msumeno unaweza kuikata ateri inayomweka mjomba hai. Ndiyo sababu CT hufanywa kwanza, kuona umbali kati ya mfupa na mishipa. Hufikiriwa zaidi pale michepuo kadhaa imekufa kwa pamoja, mshipa wa mbele hauna damu, na ateri ya kifua haikutumika mara ya kwanza. Ikiwa ateri hiyo ipo na inapitisha damu vizuri, wengi huishia kwenye stenti au dawa.

Kwa asiyefaa stenti wala kisu, bado kuna dawa za kupunguza kasi na kazi ya moyo, mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa, kifaa cha wavu kinachowekwa kwenye veni kuu ya moyo ili damu ikae zaidi kwenye misuli, na mashine ya kubana miguu kwa mapigo, saa 35 zilizogawanywa kwa wiki 7.

SWALI: Natakiwa kung'oa jino, nina stenti ya miezi mitatu. Niache klopidogreli? *(Msomaji wa siku zote)*

JIBU: Hapana. Jino moja hung'olewa ukiwa unaendelea na dawa zote mbili, klopidogreli na aspirini. Daktari wa meno atashona na kukupa pamba ya kung'ata dakika 30 au zaidi, na damu itachelewa tu kukata. Akisisitiza uache, mwombe ampigie simu daktari wako wa moyo kabla hujakosa hata kidonge kimoja. Kwa upasuaji mkubwa unaoweza kungoja, usogezwe mbele mpaka muda wa dawa mbili utimie. Hapo klopidogreli husimamishwa siku 5 kabla, na aspirini kwa kawaida hubaki. Mwambie pia asikuandikie ibuprofeni kwa maumivu: huizuia aspirini isifanye kazi yake. Parasetamoli inatosha.